Nani anatoa uzima wake? Juu ya filme tatu za televizio

Pengine mtashangaa kuona gazeti letu, lenye kuzoea mambo ya liturjia na katekesi, linasema leo juu ya filme za televizio, tena filme za kubuni zenye vyombo vya angani na watu wanaorudi katika miaka iliyopita. Hatufanyi hivi kwa kutafuta mchezo. Siku hizi filme hizi zinafika hata ndani ya telefone ya kijana wa sekondari. Zinatazamwa na kurudiliwa, nazo zinafundisha. Zinafundisha nini? Mara nyingi neno hili: inafaa mmoja afe kusudi wengi waokoke. Mkatekista akilisikia atasema mara moja kwamba ni neno la Injili. Ndiyo, limo katika Injili. Lakini tukumbuke ni nani aliyelisema. Si Yezu. Ni Kayafa.

Mbegu ya filme hizi ni fumbo moja. Kama mtu angeweza kurudi nyuma katika wakati na kumwua babu yake kabla babu hajazaa, yeye mwenyewe asingezaliwa. Na kama hakuzaliwa, ni nani aliyemwua babu? Wenye elimu wanaliita jambo hili paradoksi, ndiyo kusema neno linalojipinga lenyewe. Kanisa halikungoja televizio kusudi lifikiri juu yake. Katika karne ya 11 Mtakatifu Petro Damiani alimwandikia Desiderio, abati wa Monte Cassino, barua ndefu juu ya uwezo wa Mungu na mambo yaliyokwisha kupita. Naye Mtakatifu Tomasi wa Akwino anauliza katika Summa, sehemu ya kwanza, swali la 25, kifungu cha 4, kama Mungu anaweza kufanya kwamba jambo lililotokea lisiwe limetokea. Anajibu: hapana. Si kwa sababu nguvu za Mungu zina mpaka, lakini kwa sababu neno linalojipinga si kitu cha kufanyika. Mungu anamsamehe mwenye zambi, anamrudishia neema, anamfanya mtakatifu. Lakini hafanyi kwamba hakuanguka kamwe.

Mseminari wa filozofia, akiisha kusoma kifungu hicho, atafunga televizio na kusema: hadithi haiwezekani, tumemaliza. Tunamwomba angoje kidogo. Wazee wetu walisimulia juu ya sungura mwenye kusema na simba, na hakuna mtoto aliyesimama kuwaambia kwamba sungura hasemi. Tumkubalie mwandishi mlango wake, kisha tutazame anaingiza nini ndani ya nyumba.

Filme ya kwanza ni ya zamani. Ilionyeshwa katika Marekani tarehe 6 Aprili 1967, katika mfululizo wa Star Trek. Jina lake ni The City on the Edge of Forever, na mwandishi wake ni Harlan Ellison. Munganga wa chombo Enterprise, jina lake McCoy, anajichoma kwa bahati mbaya dawa nyingi kupita kiasi. Anashikwa na wazimu, anakimbilia katika sayari moja, anapita mlango wa ajabu unaopeleka watu katika nyakati za zamani. Mara moja mambo yote yanageuka: Enterprise haiko tena angani, kwa sababu munganga amebadilisha kitu huko alikokwenda. Kapiteni Kirk na msaidizi wake Spock wanapita mlango uleule kusudi watengeneze mambo. Wanatokea New York, mwaka wa 1930, wakati wa shida kubwa ya uchumi. Nguo walizovaa wameziiba, na mfukoni hawana kitu.

Anayewapokea ni mwanamke kijana, Edith Keeler. Anaongoza nyumba ya kulishia maskini katika barabara ya 21. Anawapa kazi ya senti 15 kwa saa, masaa 10 kwa siku, na anawaonyesha chumba cha kupanga. Maskini wakiisha kuketi mbele ya supu yao, Edith anawafundisha kwamba siku zitakuja ambapo watu watatumia nguvu za atomu, watasafiri angani, na njaa na magonjwa vitapata dawa. Anasema kama nabii, naye hajui kwamba wawili kati ya wasikilizaji wake wametoka katika siku hizo.

Spock, kwa vipande vya radio vya wakati ule, anatengeneza mtambo wa kusoma magazeti ya miaka inayokuja. Anakuta habari mbili. Katika habari moja Edith anakufa katika mwaka uleule wa 1930, amegongwa barabarani. Katika nyingine anaishi, na katika mwaka wa 1936 anapokelewa na Rais Roosevelt. Chama chake cha amani kinakawisha Marekani kuingia vitani, Ujeremani inapata bomu ya atomu mbele ya wengine, na Hitler anashinda. Basi munganga, katika wazimu wake, alimwokoa Edith. Kusudi historia irudi katika njia yake, sherti Edith afe. Na Kirk amekwisha kumpenda.

Tusiwe wachoyo wa sifa: kazi hii imefanywa vema. Kuna ngazi moja ambapo Edith anateleza, na Kirk anamdaka kabla hajaanguka. Spock anamkumbusha kwamba kuanguka kule pengine ndiko kungekuwa kifo chake. Yule mtu ameokoa kwa mikono kabla ya kufikiri, kama mtu mwema anavyofanya. Halafu inakuja siku ya mwisho. Kirk anamkuta munganga upande wa pili wa barabara, wanakumbatiana kwa furaha. Edith anaona furaha yao, anavuka barabara kuja kwao. Kamio inakuja. Munganga anataka kuruka kumwokoa. Kirk anamshika kwa nguvu zote, na macho ameyafumba. Tunasikia tu. Mwenye kuona jambo hili mara moja halisahau.

Lakini sasa tuseme neno letu. Edith hakuulizwa. Siku nyingi Kirk na Spock walijua. Walikula supu yake, walilala karibu naye, walipokea mshahara kutoka mkono wake, nao walijua. Mwanamke aliyetoa siku zake zote kwa ajili ya watu wengine, hakuna aliyemwambia: Dada, kuna hatari hii, wewe unataka namna gani? Nani anajua angejibu nini? Sisi tunafikiri kwamba mtu wa namna hiyo angeweza kujibu ndiyo. Mwandishi hakumpa mdomo. Amemfanya kuwa kondoo, sadaka kaitoa Kirk, na machozi yote ya filme ni kwa ajili ya Kirk.

Mwalimu wa teolojia ya moral atauliza: Kirk ameua? Hakuendesha kamio, hakumsukuma mtu. Lakini alishika mkono wa yule aliyekuwa anakwenda kuokoa, na hilo ni zaidi ya kunyamaza. Wengine watajaribu kumficha chini ya kanuni ya tendo lenye matokeo mawili. Haifai hapa. Kanuni ile inataka kwamba jema lisitoke katika baya kama maji katika mfereji. Lakini hapa kifo cha Edith si jambo linalofuata pembeni, ndicho njia yenyewe. Bila kifo kile, hakuna kitu kinachookoka. Mtakatifu Paulo, katika sura ya tatu ya barua kwa Waroma, alikwisha kukataa kwa ukali fikira ya kutenda mabaya kusudi mema yapatikane.

Kuna jibu moja lenye nguvu kidogo, na ni haki kulisema. Mtu anaweza kusema: Edith alikuwa amekwisha kufa zamani, mbele Kirk hajazaliwa; Kirk hakufanya kitu ila kuacha jambo lililotokea litokee. Hakuna anayehukumiwa kwa sababu hakuwaokoa waliokufa wakati wa babu zake. Kweli. Lakini kwa yule anayekula supu ya mtu, mtu huyo si wa zamani. Anaishi, anatembea, ni jirani. Hapo ndipo fumbo la wakati linapofanya udanganyifu wake. Linampa mtu kujua mambo kama Mungu anavyoyajua, yote mara moja, ya jana na ya kesho. Lakini halimpi Maongozi ya Mungu, ambayo hayapotezi hata shomoro mmoja. Kayafa naye alipewa kusema neno la kweli kuliko alivyojua, Mtakatifu Yoane anatuambia hivyo katika sura ya 11. Kosa lake si kwamba alihesabu vibaya. Kosa lake ni kwamba alihesabu uzima usio wake.

Na kuna mtu mwingine katika filme hii ambaye watazamaji karibu wote wanamsahau. Usiku munganga anapofika New York anakutana na maskini mmoja wa barabarani. Munganga anaanguka amezimia. Yule maskini anapapasa mifuko yake, anapata silaha ya siku zijazo, anaichezea bila kuijua, na mara moja anatoweka, hakuna hata majivu. Ni sekunde chache tu. Na historia? Historia haitikisiki. Enterprise hairudi wala haipotei kwa ajili yake. Hakuna anayemtafuta, hakuna anayeuliza jina lake. Edith alikuwa na uzito katika mahesabu, yeye hakuwa nao. Tajiri wa Injili ya Luka angalau alimjua Lazaro kwa jina, alipomwona mbali kifuani mwa Abrahamu. Inafaa kujua kwamba Ellison mwenyewe alikuwa ameandika mambo kwa namna nyingine. Katika maandiko yake ya kwanza alikuwamo askari wa vita vya 1914 asiye na miguu, aliyekuwa Verdun, naye anakufa huko New York; na Kirk, saa ya mwisho, anashindwa kumwacha Edith, hata Spock ndiye anayezuia. Wakubwa wa mfululizo walibadilisha, na Ellison alikasirika miaka mingi. Maandiko yale ya kwanza ndiyo yaliyopata zawadi ya chama cha waandishi wa Marekani. Sisi pia tungemchagua Kirk yule dhaifu.

Filme ya pili tunaipitia upesi. Ni ya mfululizo wa Star Trek uliofuata, ya Februari 1990, jina lake Yesterday's Enterprise. Chombo cha zamani kilikuwa kinapigana peke yake na vyombo vinne vya Waromula kusudi kiwakinge Waklingoni wa Narendra III. Katikati ya vita kinapita tundu la wakati na kutokea miaka 22 mbele. Kwa sababu hakikufa pahali pake, Waklingoni hawakuona tendo lile la urafiki, na sasa kuna vita vinavyoteketeza watu bila hesabu. Sherti kirudi kufa. Hapa mwandishi amefanya jambo ambalo Ellison hakufanya: kapiteni wa chombo kile, mwanamke anayeitwa Rachel Garrett, anaambiwa kweli yote, na watu wake wanakubali kurudi. Katika wakati huo uliopotoka anaishi pia askari mwanamke, Tasha Yar, ambaye watazamaji walimwona akifa mwaka wa 1988, ameuawa na kiumbe kibaya bila maana yoyote. Anapojua kwamba katika wakati wa haki yeye ni mfu, anaomba ruhusa kwenda na wale wanaorudi.

Tunasifu uhuru wake. Sababu yake inatusumbua kidogo: anataka kifo chenye faida, maana kifo cha kwanza kilikuwa cha bure. Mapadri wanaotembelea hospitali wanajua vifo vingi ambavyo dunia inaviita vya bure, vya watoto, vya wazee waliosahauliwa na jamaa. Hakuna aliyetuonyesha mizani ya kuvipimia. Na televizio yenyewe haikumheshimu Tasha muda mrefu: mwaka wa 1991 tuliambiwa kwamba hakufa vitani, alitekwa, alimzalia binti mkubwa mmoja wa Waromula, kisha akauawa alipotaka kutoroka na mtoto. Ndivyo wanavyofanya wenye filme: wanachukua sadaka ya mtu, wanaiuza mara ya pili.

Tumtaje hapa mtu ambaye si wa hadithi. Mwaka wa 1941, katika kambi ya Auschwitz, mfungwa mmoja alionekana kuwa ametoroka, na mkubwa wa kambi akachagua watu kumi wafe kwa njaa. Kumi kwa mmoja: ni hesabu pia. Mmoja wa wale kumi alilia kwa ajili ya mke na watoto wake. Padri Maximilian Kolbe akatoka katika mstari, akaomba kuwekwa pahali pake. Hakuna aliyemhesabu Kolbe. Alijihesabu mwenyewe. Alikufa tarehe 14 Agosti, na mwaka wa 1982 Kanisa lilimtangaza mtakatifu. Kati ya mkubwa wa kambi na yule padri, idadi ya wafu ni ileile. Tofauti haimo katika idadi.

Sasa filme ya tatu, ambayo ndiyo imetufanya tuandike. Ni ya televizio ya Uingereza, BBC, katika mfululizo wa Doctor Who. Ilionyeshwa tarehe 14 Mei 2005. Inaitwa Father's Day, na mwandishi wake ni Paul Cornell. Msichana Rose Tyler anasafiri katika nyakati pamoja na mtu anayeitwa tu Doctor. Baba yake, Pete, aligongwa na motokari tarehe 7 Novemba 1987, Rose akiwa mtoto mchanga. Alikuwa anakwenda arusini, na mkononi alichukua chombo cha maua cha kuwapa maarusi. Mwenye motokari alikimbia. Pete alikufa peke yake. Rose hamwombi Doctor amwokoe baba yake. Anaomba kitu kidogo: afike tu pale, awe karibu, baba asife bila mtu.

Wasomaji wetu wanaoitwa usiku kupeleka mafuta matakatifu wanaelewa ombi hilo kuliko waandishi wa magazeti ya sinema.

Mara ya kwanza Rose anaona motokari ikimgonga baba, miguu inakataa kwenda. Anaomba arudishwe mara ya pili. Mara ya pili anakimbia na kumsukuma, na baba anaokoka. Huruma iligeuka, kwa nukta moja, kuwa wizi. Tunaweza kumhukumu? Ni mtoto mbele ya baba yake. Lakini wakati umepata jeraha, na wanyama wabaya wenye mabawa wanakuja kula watu wote. Tuseme wazi kwamba wanyama hawa hawatupendezi. Ni wa kutisha watoto, na filme ingeweza kukaa bila wao. Watu wa arusi wanakimbilia ndani ya kanisa, linalowakinga kwa sababu kuta zake ni za zamani. Mwandishi hajui sababu nyingine ya kukimbilia kanisani. Tumsamehe.

Ndani ya kanisa hilo kuna dakika moja ambayo tungependa kuwaonyesha wanafunzi wetu wa mahubiri. Maarusi wanamwendea Doctor. Wanajiona watu wadogo, wasio na maana katika mambo makubwa kama haya. (Bi arusi ana mimba, haturefushi juu ya hilo.) Wanasimulia ginsi walivyokutana usiku barabarani, mwanamke hana hata pesa ya taksi. Doctor, aliyeona nyota zote, anawajibu kwamba yeye hakupata kamwe maisha kama yao, na kwamba atajaribu kuwaokoa. Mkumbuke yule maskini wa New York aliyetoweka bila jina. Miaka 38 imepita kati ya filme hizi mbili, na mtu mdogo amepata pahali pa kukaa.

Na Pete? Pete ni mtu wa biashara zisizofaulu, mwenye maneno mengi, si mume mwema sana. Anatambua polepole kwamba msichana huyu ni binti yake. Anamwuliza: nilikuwa baba wa namna gani? Rose anamsimulia baba aliyemsomea hadithi kila usiku, aliyempeleka matembezi na chakula kila Posho, ambaye hakukosa kamwe. Pete anasikiliza, na anajua kwamba mtu huyo si yeye. Ndani ya uwongo huo wa mapendo anasoma kweli: Rose hakuwa na baba. Yeye alikufa. Nje ya kanisa, motokari ile iliyopashwa kumwua inaonekana, inapotea, inaonekana tena, inazunguka, inamngojea.

Jambo tunalotaka msomaji aliangalie sana ni hili. Doctor aliiona motokari ile mbele ya wengine, akaelewa, akanyamaza. Mwaka wa 1967 wenye kujua walinyamaza kusudi mtu afe. Mwaka wa 2005 mwenye kujua ananyamaza kusudi mtu asisukumwe kufa. Tena anasimama mwenyewe mbele ya mnyama aliyeingia, na anaangamia pale kwa ajili ya wengine. Pete hakushurutishwa na mtu, wala mahesabu ya mtu. Anatambua peke yake, anamuaga mke wake, anamkumbatia binti yake, anachukua kile chombo cha maua, anatoka mbio. Katika Injili ya Yoane, sura ya 10, Yezu anafundisha kwamba uzima wake haunyang'anywi na mtu. Ni yeye anayeutoa. Hatusemi kwamba Pete Tyler ni mfano wa Kristu. Waalimu wengine wanaona mfano wa Kristu katika kila filme, na hilo linachosha. Tunasema tu kwamba mwandishi huyu amejua mlango wa sadaka unafunguka upande gani.

Fumbo linafungwa, wanyama wanatoweka, walioliwa wanarudi, na Doctor pamoja nao. Mtakatifu Tomasi hajashindwa: aliyekufa amekufa. Lakini kuna kitu kidogo ambacho hakikurudi kama zamani. Mara hii Rose anakimbia mpaka kwa baba, anapiga magoti barabarani, anamshika mkono mpaka mwisho. Baada ya hayo tunamwona mama, miaka mingi nyuma, akimsimulia Rose mtoto habari ya kifo cha baba, na habari si ileile tena. Mwenye motokari alikuwa kijana. Hakukimbia, alisimama, aliwangoja polisi. Na palikuwa na msichana mmoja. Alikaa na baba yako, akamshika mkono mpaka alipokufa, kisha akaenda zake. Hakuna aliyejua jina lake.